Keki Iliyotoka Kwenye Kibuyu cha Mama

Nilishinda mara moja tu katika miaka miwili ya mashindano yetu ya mapishi, na laiti siku hiyo nayo ningeshindwa. Kushindwa nilikuwa nimeshakuzoea. Kushinda ndiko kulikoniharibia kwa mama yangu.

Tulikuwa wanawake saba wa mtaa mmoja, Area D. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa tisa alasiri, tulikutana nyumbani kwa mmoja wetu, kila mtu amebeba kitu kitamu alichopika kwa mkono wake. Cha kununua marufuku. Kila mwezi kulikuwa na kitu kimoja cha lazima: mwezi huu ndizi, mwezi ujao karanga, mwezi mwingine zabibu, maana Dodoma msimu wa zabibu ukifika huwezi kupita wiki bila mtu kukuletea ndoo. Tulionja, tukacheka, tukasemana. Kisha tulipiga kura kwa maharage. Mbele ya kila sahani kikombe, na kila mtu ana harage lake moja, ila haruhusiwi kujipigia mwenyewe. Mwenye maharage mengi aliondoka na sufuria ya ushindi, sufuria nzito ya kuokea keki, yenye tundu katikati, ambayo mmoja wetu alikuja nayo kutoka Dar es Salaam. Unakaa nayo mwezi mzima, umeitundika jikoni mahali ambapo mgeni hawezi kuikosa.

Mimi ile sufuria niliiona kwa watu tu.

Wenzangu walihamia Dodoma na ofisi zao. Mwenyeji nilikuwa peke yangu, Mgogo wa Hombolo, nimezaliwa na kukulia huko huko. Bingwa wetu alikuwa jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, mama mmoja mcheshi mwenye oveni ya umeme inayolia kengele keki ikiiva. Mimi nilipikia mkaa: sufuria kubwa, mchanga chini, bati la keki ndani, makaa juu ya mfuniko. Keki yangu iliungua upande mmoja na kubaki mbichi upande wa pili. Nikilalamika wananiambia, "Asiyekubali kushindwa si mshindani, shoga." Nacheka huku roho inanichemka. Mimi hasira zangu ziko karibu, sijifichi, hata ofisini wanajua.

Basi mwezi wa kumi ukafika, na zamu ya kukutana ikawa kwangu. Bingwa akatangaza kwenye grupu letu la simu: nafaka za hapa hapa Dodoma, unga wa ngano marufuku. Wote wakanirukia: "Mwenyeji, mwezi huu ni wako!" Yeye akamalizia, "Ila msije mkatulisha chakula cha kuku," na vikatuni vya kucheka mpaka machozi.

Nilijua ni utani. Lakini jamani, mimi nimekuzwa kwa uwele. Nimekwenda shule tumboni nina uwele, nimefika hapa nilipo kwa uwele. Niliiweka simu mezani, nikasema kwa sauti, peke yangu jikoni, "Chakula cha kuku? Mtakula mpaka mlambe sahani."

Mwezi huo mama yangu alikuwa kwangu. Alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, ameishi na ukungu huo karibu miaka miwili akisema utapita. Mwezi wa tisa nikamleta mjini kwa lazima. Hospitali wakamfanyia jicho la kulia kwanza, wakasema akae karibu, la kushoto litafuata. Siku alipofika alishuka kwenye gari la Hombolo na begi moja la nguo, kuku aliyefungwa miguu, na kibuyu. Begi alinipa. Kuku alinipa. Kibuyu alikikumbatia mwenyewe.

"Mama, na hiki umekibeba cha nini?"

"Mbegu hailali kwenye nyumba isiyo na mwenyewe," alinijibu.

Ndani yake kulikuwa na uwele wa mbegu, umechanganywa na majivu usije ukaliwa na wadudu, mdomo wa kibuyu umezibwa kwa gunzi. Na haukuwa uwele wa hivi hivi. Mama alipewa na mama yake siku alipoolewa. Ni uwele mfupi, wa mapema. Mvua zetu zinajulikana, zinakuja zikijisikia na kukatika zikijisikia, lakini uwele ule mvua ikikatika wenyewe umeshakomaa. Kila mavuno, kabla mtu yeyote hajakata suke, mama huingia shambani peke yake akachagua masuke ya mbegu, moja moja, akayatundika juu ya moshi wa jiko. Na kila mwanzo wa mvua wanawake wa nyumba tano huja kwake na bakuli. Mbegu haiuzwi. Wanapewa, wanashukuru, wanakwenda kupanda. Mama hana cheo kanisani wala serikali ya kijiji. Cheo chake kilikuwa hicho.

Haya yote niliyajua. Nayaandika mapema ili mtu asije akanitetea.

Uwele wa kula nao alikuwa ananiletea kila mwaka, gunia zima, ukiwa punje. Nilikuwa namwambia, "Mama, si ungesaga huko huko, unipunguzie kazi?" Alikuwa anacheka. "Unga ni wa leo, mwanangu. Punje ni ya kesho. Mwanamke hakosi punje ndani." Lakini gunia la mwaka ule tulikuwa tumeshalimaliza mwezi wa nane, kwa hiyo kwa ajili ya shindano nilinunua uwele sokoni.

Keki ya kwanza ilitoka na mchanga. Uwele wa sokoni wengi wanaupura chini, ukiula unasikia. Mwanangu mkubwa alitafuna mara mbili akatema kwenye kiganja. "Mama, inalia kwenye meno." Nikapepeta, nikaosha, nikapika ya pili. Hiyo ikawa chungu, maana unga nilikuwa nimeusaga tangu wiki iliyopita, na unga wa uwele ukikaa unachacha. Ijumaa mchana, siku moja kabla ya shindano, niliomba ruhusa ofisini nikarudi nyumbani sina keki, sina unga, nina hasira tu.

Mama alikuwa amelala chumbani, jicho limefunikwa. Nikaingia stoo kuchota mkaa. Kibuyu kilikuwa pale, nyuma ya gunia la mkaa.

Ningependa kusema shetani alinipitia. Hakuna cha shetani. Nilisimama pale muda wa kutosha kusali Baba Yetu wote, kisha nikachomoa gunzi. Nikamimina kidogo kwenye ungo. Punje zilikuwa safi, zimejaa, hakuna hata kijiti. Nikajiambia nachota bakuli mbili tu, mama hatajua. Nikaziosha kwenye bomba la nje, maji ya majivu nikayamwaga chini ya mpapai, nikazianika juani. Jua la Dodoma halina mzaha; saa moja tu zilikuwa zimekauka.

Kwenye mashine ya kusaga, yule mzee anayesaga akanirudisha. "Hii kidogo mno, mama. Itaishia yote ndani ya mashine, utatoka na vumbi. Ongeza."

Nikarudi nyumbani, nikamimina kibuyu chote. Nikaosha, nikaanika, nikarudi. Yule mzee akachota punje kiganjani, akaziviringisha kwa kidole gumba.

"Na hii si mbegu? Mbona imechaguliwa hivi?"

"Wewe kazi yako kusaga au kuuliza?" nilimjibu.

Akawasha mashine. Mtu mzima yule, shikamoo nilimpa wakati naingia, na bado nikamjibu hivyo. Aliyesema ukweli siku nzima alikuwa ni yeye peke yake.

Kutoka pale nikapita sokoni, nikanunua uwele mwingine, nikaupepeta kwa haraka, nikausugua na majivu ya jiko langu, nikaujaza kwenye kibuyu na kurudisha gunzi. Nikajiambia, uwele ni uwele. Mama alipoamka jioni alikikuta kibuyu mahali pake na mimi jikoni nakoroga.

Ile keki nitaisema ukweli wake: ilikuwa tamu. Unga wa uwele uliosagwa jana yake, karanga za kukaanga zilizopondwa, mtindi, mayai, zabibu kavu, na juu nimemwagia ubuyu niliouchemsha na sukari mpaka ukanata. Hata mkaa siku hiyo ulinitii. Haikuungua popote. Wanawake waliingia mmoja mmoja, wakampa mama shikamoo pale alipokaa kwenye kochi na miwani yake nyeusi, wakakaa, wakaonja, kelele zikaisha. Ukitaka kujua chakula ni kitamu sikiliza watu wakinyamaza.

Mama naye alipewa kipande. Alikitafuna polepole. Akaacha. Akatafuna tena.

"Hii ladha naijua," alisema. "Huu uwele umeutoa wapi?"

Sebule nzima ilikuwa inasikiliza. Nikasema, "Sokoni, mama."

"Basi siku hizi sokoni wanaleta uwele mzuri," alisema, na akaomba kipande kingine.

Wakampa na yeye harage, harage la heshima kwa mgeni. Alinyoosha mkono, akauliza kikombe cha keki ya uwele ni kipi, nikamwongoza mimi mwenyewe, nimemshika kiganja, na akalidondosha humo. Hata bingwa alinipigia. "Chakula cha kuku kimenishinda," alisema, akanikumbatia. Nilipata maharage sita. Nikaitundika ile sufuria jikoni, nikaipiga picha, nikaituma kwa dada yangu Mwanza.

Mwezi uliofuata mama akataka kuondoka. Jicho la kushoto alisema litasubiri, mvua haisubiri. Asubuhi ile alikinyanyua kibuyu kutoka stoo, akasimama.

"Mbona kimekuwa kizito?"

"Umekaa bila kazi miezi miwili, mama. Mikono imezoea raha."

Alicheka kweli kweli, akanipiga begani. Nikampeleka stendi, nikamkatia tiketi, nikampungia mkono.

Nilikuwa na kinga yangu, nayo ilikuwa kwamba pengine haitatokea kitu. Uwele ni uwele. Krismasi nilikuwa nafua nje, nikaona chini ya mpapai, pale nilipomwaga maji ya majivu, mashina matatu yamesimama, mafupi, yana masuke. Yalijiotea kwa maji ya bomba. Niliyatambua kabla sijayagusa. Nimeyapita shambani kwa mama tangu natambaa. Ndege walipoanza kuyajia niliyafunika kwa kipande cha chandarua. Mwishoni mwa Januari yakawa yamekomaa. Nikayakata, nikayafunga kwenye khanga, nikayaweka kabatini chini ya mashuka.

Na nikanyamaza. Hapo ndipo ninapojichukia zaidi kuliko siku ya kibuyu. Siku ya kibuyu nilikuwa na hasira na haraka. Kabatini sikuwa na haraka yoyote. Mama alikuwa ananipigia simu kila Jumapili baada ya ibada. Februari aliniambia, "Mwaka huu uwele umerefuka, mpaka watu wanauliza," kwa sauti ya kujivuna kidogo. Machi aliniambia, "Bado haujachanua, sijui una nini." Mimi nikasema, "Labda mvua, mama." Kila mara nasema labda mvua. Aprili mvua ikakatika, naye akaacha kuuzungumzia uwele, akawa ananiuliza habari za watoto tu.

Mwezi wa tano nikaenda Hombolo. Khanga ilikuwa kwenye mkoba wangu. Njia ya kwenda kwa mama inapita shambani kwake, kwa hiyo niliuona kabla ya kumwona yeye. Mashina yamenipita kichwa, yamekaukia yakiwa wima, masuke mepesi kama ufagio. Punje chache zilizojaa, ndege wa kwelea kwelea walikuwa wamezimaliza. Shamba la jirani hivyo hivyo, na la pili yake hivyo hivyo. Nyumba tano zote.

"Mbukwenyi!" nilisalimia Kigogo mlangoni, nikakuta wale wanawake wenyewe wapo uani, wamekaa kwenye mkeka na mama. Walikuja kumpa pole. Mmoja alikuwa amemletea mtama kwenye bakuli, bakuli lile lile ambalo kila mwaka huja nalo likiwa tupu kuchukua mbegu. Nikawaamkia, nikakaa pembeni, mkoba mapajani. Mama aliendelea na alilokuwa anasema.

"Kosa ni langu, ndugu zangu. Nilichagua masuke na macho yana ukungu, nikachukua ya watu nikadhani ni yangu. Nimewatia njaa. Mwakani msije tena kwangu, tafuteni mtu mwenye macho."

Mkubwa wao akasema, "Dada, hata macho ya kijana hukosea."

"Ya kwangu yamezikosea nyumba tano," mama alisema, akaangalia mikono yake.

Hakuna aliyemlaumu. Laiti wangemlaumu, huenda ningeruka kumtetea na ukweli ungenitoka kwa hasira, maana hivyo ndivyo nilivyo. Lakini walikuwa wapole, wakamsifia jicho lililotibiwa, wakanisifia mimi kwa kumtibia. "Umezaa mtoto, dada," wakamwambia. Nikasema asante. Walipoinuka niliwasindikiza mpaka njiani, kama kawaida, na niliporudi mama alikuwa bado kwenye mkeka. Nikapiga magoti, nikaitoa khanga, nikaiweka mbele yake.

Aliifungua. Akapapasa suke moja kutoka chini mpaka juu, akapukuchua punje mbili tatu, akaweka moja kwenye meno.

"Huu ni wa mama yangu," alisema. Uso ulimng'aa, na ndicho kitu ninachokiona hadi leo nikifumba macho. "Umeutoa wapi?"

Swali lile lile la sebuleni. Safari hii nilimjibu. Nilimwambia stoo, gunzi, bomba, yule mzee wa mashine, soko, majivu. Nilimwambia mpapai na kabati, na tangu mwezi gani. Sikulia, sikuona kama nina haki ya kulia.

Akaitoa ile punje mdomoni, akairudisha kwenye khanga. Kisha akasema, "Ile keki."

"Ndiyo, mama."

"Niliyoiomba mara ya pili."

"Ndiyo."

"Nikaipigia na harage."

Nilisema, "Nisamehe, mama. Nipige, nitukane, niambie kitu."

Hakupandisha sauti. Alikuwa anayakunja masuke kwenye khanga, pembe kwa pembe.

"Macho nilikuwa nimeshayasamehe," alisema. "Niliyaambia, basi, mmezeeka, hamkukusudia. Wewe sasa nakuanzia wapi?"

Akainuka, akaingia jikoni, akayatundika masuke juu ya moshi. Nikabaki nimepiga magoti mbele ya mkeka mtupu.

Hakumwambia mtu. Mvua zilipokuja aliupanda uwele ule nyuma ya nyumba, akaulinda mwenyewe, na msimu wa pili aliwaita wale wanawake na mabakuli yao. Wanajua tu kwamba alipata masuke matatu mahali. Jicho la kushoto lilitibiwa, nilimpeleka mimi. Mimi na mama tunaongea kila Jumapili, tunacheka, anauliza wajukuu wake wamekula nini. Mtu akituona hawezi kujua kitu. Ile sufuria niliirudisha mwezi wake ulipoisha na ikaenda kwa bingwa. Wakiniuliza siku hizi kwa nini sipiki tena ile keki, nawaambia uwele mzuri umeadimika.

Mzigo wa kwanza kutoka Hombolo tangu siku ile ulifika mwaka jana, baada ya mavuno. Niliupokea stendi, gunia lile lile, limeshonwa kwa mkono wake. Nilipoliinua nikaona limelegea, laini. Nyumbani nikakata uzi. Ulikuwa unga.

Nikampigia. "Mama, mwaka huu umesaga?"

"Ee," alisema, kwa upole kabisa. "Nimekupunguzia kazi."

Nikamshukuru, nikakata simu. Kisha nikapiga magoti pale stoo, nikatia mkono ndani ya unga mpaka kwenye kiwiko, nikapapasa kila kona ya gunia. Hakukuwa na punje hata moja.